Je, Daktari Mwingine Aangalie?

Sisi akina mama wa Kariakoo tunajuana sana misibani. Turubai likifungwa mtaani, hata mwenye meza ya vitenge Mtaa wa Kongo hufunga mapema aje kukaa mkekani na wenzake. Katika msiba mmoja wa namna hiyo tuliketi karibu na mama aliyefiwa na mwanawe. Familia ilikuwa imeambiwa kwamba kijana alianguka kutoka ghorofani. Lakini mama alipoonyeshwa maiti mochwari aliona alama shingoni. Akatunong'oneza: "Jamani, nikiomba daktari mwingine amwangalie mwanangu, nitakuwa nimekosea?"

Hakuna hata mmoja wetu aliyemjibu. Saa kumi jioni kijana alizikwa. Makala haya tunaiandika kwa sababu ya ukimya wetu ule.

Baba aliyekataa kunyamaza

Wasomaji wetu wengi wamesikia habari za Julie Ward, binti wa Kiingereza aliyepotea katika mbuga ya Maasai Mara, Kenya, mwezi Septemba 1988. Yaliyopatikana ni mguu, kipande cha taya na majivu. Walisema ameliwa na wanyama. Daktari aliyechunguza mabaki hayo aliandika kwamba mguu ulikatwa kwa kitu chenye makali, lakini mkubwa wake aliibadili taarifa isomeke kwamba uliraruliwa.

Baba yake, John Ward, hakukubali. Alitafuta jicho la pili. Profesa Austin Gresham wa Cambridge aliyaangalia mabaki yale akasema mguu ulikatwa, kisha ukachomwa. Mwaka 1989 mahakama ya uchunguzi wa kifo nchini Kenya ilikubali kwamba binti aliuawa. Wapelelezi wa Scotland Yard wakaja mwaka 1990. Kesi zilifunguliwa, na washtakiwa wakaachiwa huru mwaka 1992 na 1999. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani.

Basi tusidanganyane. Jicho la pili halikumleta muuaji mahakamani. Lakini liliuondoa uongo juu ya kaburi la mtoto, na kwa mzazi hilo si jambo dogo.

Hapa kwetu

Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi walipouawa. Polisi walisema walikuwa majambazi waliorushiana risasi na askari. Ndugu zao hawakukubali. Rais aliunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka, watu wasio wa kituo kile wala wa kikosi kile, nayo ikaona kwamba marehemu hawakuwa majambazi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja wa polisi.

Na jirani zetu wa Kenya walitufundisha jambo jingine mwezi Juni 2025. Albert Ojwang, mwalimu kijana, alifia mikononi mwa polisi jijini Nairobi. Ilidaiwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi ulipofanyika, madaktari kadhaa walisimama mezani pamoja, wakiwamo walioiwakilisha familia. Wote walikubaliana kwamba majeraha yale hakujitia mwenyewe. Huyu hakuhitaji kufukuliwa, maana jicho la pili lilikuwapo tangu mwanzo.

Mama afanye nini?

Kwanza, asiharakishe mazishi kama ana shaka. Kufukua maiti kunahitaji amri, na kila siku inayopita ardhini inafuta alama. Ni afadhali kuchelewa siku mbili kuliko kujiuliza miaka ishirini.

Pili, aseme shaka yake mapema, kwa maandishi, kituo cha polisi na hospitali. Sheria zetu zinampa hakimu madaraka ya kuchunguza kifo cha ghafla au chenye mashaka. Wakili, au kituo cha msaada wa sheria kwa asiye na fedha, atamsaidia kuomba daktari wa familia ashuhudie uchunguzi.

Tatu, nguo za marehemu zisifuliwe. Kama bado zimo nyumbani, asizishikeshike. Awaite polisi wazichukue. Nguo mbichi ikifungwa katika mfuko wa nailoni huoza na kuharibu ushahidi, kwa hiyo huanikwa kivulini kwanza, kisha huwekwa katika karatasi. Iandikwe nani alimkabidhi nani, siku gani na saa ngapi. Mnyororo huo ukikatika, hata maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali haitaweza kuuokoa ushahidi mahakamani.

Nne, aombe nakala ya taarifa na aihifadhi. Daktari wa pili anaweza kusoma taarifa na picha hata baada ya mazishi, ingawa ataona machache.

Si kumtukana mtu

Wengine husema kuomba daktari wa pili ni kumdharau wa kwanza. Mbona tukiambiwa mtoto apasuliwe tunamwendea daktari mwingine, wala hakuna anayenuna? Daktari mwaminifu hapotezi kitu mwenzake akiangalia kazi yake. Na jibu likirudi kwamba kijana alianguka kweli, mama atalala usingizi, na jirani aliyeshukiwa bure atasafishika jina.

Siku nyingine mama akitunong'oneza mkekani, tusitazame chini. Tumjibu: "Hujakosea, mama. Inuka, tunakwenda pamoja."