Mwenzangu Analipwa Ngapi?

Tuseme steshenari moja ya kutoa fotokopi ina kijana mmoja aliyeajiriwa miezi sita iliyopita, analipwa dola 9 kwa saa. Biashara haijayumba. Lakini kiwanda cha jirani kimefungwa, wasio na kazi wamejaa mtaani, na maduka mengine sasa yanapata watu wa kazi hiyohiyo kwa dola 7. Mwenye duka anamshusha kijana wake hadi dola 7. Je, ni haki?

Watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler waliwauliza swali hili, kwa simu, wakazi wa Toronto na Vancouver nchini Kanada, na wakachapisha majibu mwaka 1986. Asilimia 83 walisema si haki. Watu wengine waliulizwa habari ileile, ila safari hii kijana ameondoka mwenyewe na mwenye duka anamwajiri mpya kwa dola 7. Asilimia 73 wakaona hakuna ubaya.

Kazi ileile, dola zilezile 7. Tofauti ni pale hesabu inapoanzia. Aliyezoea 9 anaona amenyang'anywa 2. Mgeni hana alichopoteza. Kama mshahara ungekuwa bei tu, ya kupanda na kushuka kama bei ya nyanya sokoni, majibu haya mawili yasingeachana hivyo.

Watumishi wa umma wa Tanzania wanalijua hili kwa uzoefu. Mei 2022 Ikulu ilitangaza kuwa kima cha chini cha mshahara serikalini kitapanda kwa asilimia 23.3. Mishahara ya Julai ilipoingia benki, wengi wa madaraja ya juu walikuta nyongeza ndogo kuliko walivyotarajia, na malalamiko yakazagaa. Pesa ilikuwa imeongezeka, haikupungua. Lakini wengi walishapiga hesabu ya 23.3 kwenye mshahara wao wenyewe, na hesabu hiyo ikawa ndiyo haki yao.

Kipimo kingine ni mwenzako wa kazi. Mwaka 1963 mwanasaikolojia wa Marekani, J. Stacy Adams, alieleza kuwa mtu hautazami mshahara wake peke yake. Hutazama anachotoa, yaani elimu, uzoefu na jasho, akakipima na anachopata, kisha akalinganisha uwiano huo na wa mwenzake. Akijiona anapunjwa hupunguza juhudi, hudai nyongeza, au huaga. Ugumu ni kwamba kila mtu ana mizani yake. Mwenye shahada anahesabu miaka ya chuo. Fundi aliyemfundisha kazi anahesabu miaka ya karakana. Wanaweza kukaa meza moja, kila mmoja akiamini kwa dhati kwamba yeye ndiye anayepunjwa. Na kwenye ofisi zetu "anachopata" kina mengi yasiyoandikwa kwenye hati ya mshahara: safari zenye posho, nafasi za semina, gari la kumfikisha mtu nyumbani. Watu wa daraja moja wananuniana kwa sababu ya orodha ya waendao semina.

Utafiti ninaouthamini kuliko yote katika jambo hili ulifanyika Odisha, India, na ulichapishwa mwaka 2018 na Emily Breza, Supreet Kaur na Yogita Shamdasani. Waliajiriwa vibarua 378, kwa mwezi mmoja, kutengeneza bidhaa ndogondogo za mikono. Walipangwa vikundi vya watu watatu. Kila kikundi kilitengeneza bidhaa moja, na kila mtu alikuwa na ujira wake wa siku. Vikundi vingine vililipwa sawa. Vingine vililipwa kwa ngazi: aliyezalisha zaidi mwanzoni alipata zaidi, wa kati kiasi, wa mwisho kidogo. Tofauti kati ya ngazi na ngazi haikuzidi asilimia 5. Hivyo watafiti waliweza kulinganisha watu wawili wenye uwezo sawa na ujira sawa, ila mmoja wenzake wamempita.

Matokeo yanauma. Aliyezidiwa na wenzake alizalisha kidogo, na mahudhurio yakashuka kwa pointi 18 za asilimia. Hawa ni watu wa msimu usio na kazi za shamba, wanaohitaji kila rupia, na siku ya kutokuja ni siku bila ujira. Bado waliona afadhali wakose. Hata waliolipwa zaidi hawakuneemeka: vikundi vyenye ujira tofauti vilishirikiana vibaya vilipopewa mchezo wa pamoja wenye zawadi.

Lakini pale ambapo kazi ilikuwa rahisi kuonekana, kila mmoja akijua nani anazalisha zaidi, madhara hayo hayakuonekana. Kwa hiyo tofauti ya ujira yenyewe si sumu. Kinachouma ni tofauti ambayo huwezi kuiona sababu yake.

Ndiyo maana siamini kwamba kuficha mishahara kunaleta amani. Watu watajua tu. Na kuifunua namba peke yake hakutoshi: wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha California walipoelekezwa kwenye tovuti ya gazeti iliyoorodhesha mishahara yao, waliokuwa chini ya mshahara wa katikati wa wenzao wa idara na kazi ileile kuridhika kwao kulipungua na wengi zaidi wakasema watatafuta kazi kwingine, ilhali waliokuwa juu hawakuongezeka furaha. Kinachopaswa kuwekwa wazi ni kanuni: daraja linapandaje, nani anaamua, kwa vigezo gani.

Maelezo ya kanuni, hata hivyo, yasichukuliwe kuwa badala ya malipo. Mtafiti Jerald Greenberg alifuatilia viwanda vya Marekani ambamo ujira ulikatwa asilimia 15 kwa wiki kumi, na akachapisha matokeo mwaka 1990. Katika kiwanda kimoja wafanyakazi walielezwa kwa kirefu, kwa takwimu na kwa masikitiko ya dhati. Katika kingine walipewa taarifa fupi. Wizi wa vifaa uliongezeka zaidi sana kwa hawa wa pili. Kwa wale walioheshimiwa kwa maelezo ulikuwa mdogo, lakini nao uliongezeka, na haukurudi kawaida mpaka ujira wao uliporudishwa.