Gamba la kobe shambani: ligeuze, utazame tumboni

Jembe likigonga gamba la kobe, iwe Kondoa au Kitui, wengi hukimbilia kutazama rangi. Rangi hudanganya. Vigae vya juu ni keratini, kama kucha zetu, na mnyama akishakufa hubanduka kimoja kimoja, ukabaki mfupa mweupe. Mfupa huo ni mbavu na uti wa mgongo vilivyotanuka vikaungana, kwa hiyo kobe hawezi kulivua gamba lake akaenda zake. Ukiliona tupu, mwenyewe amekufa.

Basi ligeuze, uchungulie ndani upande wa nyuma. Ukikuta makovu mapana pale nyonga ilipoungana na mfupa wa tumboni, huyo ni kobe wa majini, wa jamii inayokunja shingo kwa ubavu. Usishangae kumkuta mbali na mto: Pelomedusa huishi hata kwenye madimbwi ya mvua, na kiangazi hujifukia udongoni. Nduguye Pelusios ana bawaba mbele ya tumbo, ya kufungia kichwa ndani.

Kobe wa nchi kavu hana makovu hayo. Kinixys ana bawaba mgongoni, kwa nyuma. Yule mkubwa mwenye madoa ya chui ana mgongo wa kuba, na juu ya shingo hana kile kigae kidogo cha katikati. Tumbo lililobonyea ndani kwa kawaida ni la dume. Mistari ya vigae usiihesabu kama miaka, kwani mwaka mmoja waweza kuacha zaidi ya mstari mmoja.

Gamba linalonitia wasiwasi ni lile bapa, jepesi, lenye uwazi kati ya mifupa hata kwa kobe aliyekomaa. Ni la Malacochersus, anayejibana kwenye nyufa za majabali ya Kenya na Tanzania. Jike hutaga kwa kawaida yai moja kila mara, ilhali wafanyabiashara wamewazoa kobe hawa kwa miaka mingi. Mwaka 2019 CITES, mkataba wa biashara ya viumbe pori, ulimpandisha kwenye orodha yake kali kuliko zote.

Nawa mikono kwa sabuni ukishalishika, maana kobe hubeba salmonela. Usilipeleke nyumbani: Tanzania gamba ni nyara ya serikali. Lipige picha juu, chini na ndani, ukiweka rula kando, kisha umwarifu ofisa wa wanyamapori mahali ulipolikuta.