Ubatizo

Ubatizo ni ibada ya kuoshwa kwa maji ambayo kwa njia yake mtu anaingizwa katika Ukristo. Karibu madhehebu yote ya Kikristo yanaufanya, na mengi yanauhesabu kuwa sakramenti ya kwanza, kwa kuwa ndio unaofungua mlango wa nyingine zote. Mtu anazamishwa majini, au anamiminiwa maji kichwani, au ananyunyiziwa, huku anayebatiza akitamka jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu.

Kadiri ya imani ya Wakristo walio wengi, ubatizo hautolewi zaidi ya mara moja kwa mtu yuleyule. Kanuni hiyo fupi inasaidia kuelewa mabishano mengi yaliyotokea juu yake. Kama tendo haliwezi kurudiwa, ni lazima kujua ni lini limefanyika kweli: nani anaweza kubatiza, kwa maji kiasi gani, kwa maneno yapi, na kama mtoto asiyejua lolote anaweza kubatizwa.

Jina na asili

Neno limetokana na kitenzi cha Kigiriki "baptizo", maana yake kuchovya au kuzamisha. Katika Kiswahili cha kila siku kubatiza kumekuwa pia na maana ya kumpa mtu jina, hata la utani, lakini jina si kiini cha ibada yenyewe.

Kuoga kwa ajili ya kujitakasa kulikuwa desturi ya Wayahudi kabla ya Yesu. Walikuwa na visima maalumu vya kujitosa, na mtu alijitosa mwenyewe, tena mara nyingi kadiri alivyohitaji. Yohane Mbatizaji alipohubiri kando ya mto Yordani alileta mambo mawili mapya: watu walibatizwa na mwingine badala ya kujiosha wenyewe, na tendo lilikuwa ishara ya toba mbele ya hukumu ya Mungu iliyokuwa inakaribia. Yesu naye alibatizwa na Yohane. Jambo hilo liliwasumbua Wakristo wa kwanza, kwa kuwa waliamini hakuwa na dhambi ya kutubu. Injili ya Mathayo inaonyesha Yohane mwenyewe akisita kumbatiza.

Baada ya ufufuko, Injili hiyohiyo inamalizika kwa Yesu kuwatuma wanafunzi kubatiza mataifa yote. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia kuwa siku ya Pentekoste walibatizwa watu wapatao 3,000, na baadaye towashi Mwethiopia aliyekutana na Filipo njiani, akida Mroma Kornelio, na mlinzi wa gereza la Filipi pamoja na watu wote wa nyumba yake. Maneno hayo ya mwisho yamejadiliwa sana: je, katika "nyumba" hiyo walikuwemo watoto wachanga? Maandishi hayasemi.

Maana yake

Agano Jipya halitoi maana moja tu. Kwanza kuna maana ya kuosha: maji yanaondoa uchafu wa mwili, ubatizo unaondoa dhambi. Pili kuna kuzaliwa upya, kama katika mazungumzo ya Yesu na Nikodemo usiku yaliyomo katika Injili ya Yohane. Maana nzito kuliko zote ni ile ya Mtume Paulo katika barua kwa Warumi, sura ya 6: anayebatizwa anakufa na kuzikwa pamoja na Kristo, kisha anatoka majini ili aishi maisha mapya kama yeye alivyofufuka. Kwa Paulo maji ni kaburi kwanza, ndipo yawe chemchemi.

Kutokana na fundisho hilo ni rahisi kuelewa kwa nini ubatizo ni mmoja. Mtu anajiosha kila siku, lakini anazaliwa mara moja na kufa mara moja. Pia aliyebatizwa anakuwa kiungo cha mwili wa Kristo, yaani Kanisa, pamoja na wengine wote waliobatizwa, awe mtumwa au mtu huru, Myahudi au Mgiriki.

Madhehebu yanatofautiana kuhusu kinachofanyika wakati wenyewe. Wakatoliki, Waorthodoksi, Walutheri na Waanglikana walio wengi wanasadiki kuwa Mungu anatenda kwa njia ya maji hayo na kumpa mtu neema. Wabaptisti na Wapentekoste wengi wanaona kwamba mtu ameshaokoka kwa imani, na ubatizo ni utii na ushuhuda wake mbele ya watu.

Maji na ibada

Didake, kitabu kidogo cha Kanisa la mwanzoni, kinaagiza kubatiza katika maji yanayotiririka. Yasipokuwepo, maji mengine. Yasipowezekana ya baridi, ya vuguvugu. Na kama hayatoshi, basi kumimina kichwani mara tatu. Kumbe mabishano ya leo kati ya "maji mengi" na "maji ya kichwani" yaliwahi kujibiwa kwa utulivu mkubwa: kuzamisha ndiko kulikopendelewa, lakini uhaba wa maji haukumzuia mtu kuwa Mkristo.

Huko Dura-Europos, mji wa Siria ulioharibiwa vitani mwaka 256 hivi, wanaakiolojia walifukua nyumba iliyogeuzwa kuwa kanisa, ikiwa na chumba cha ubatizo. Birika lake ni dogo, na kuta zilichorwa Mchungaji Mwema, Petro akitembea juu ya maji, na wanawake wakielekea kaburini.

Katika karne za kwanza watu wazima walifundishwa kwa muda mrefu, mara nyingine miaka, wakiitwa wakatekumeni. Wengi walibatizwa katika mkesha wa Pasaka. Ndivyo Augustino alivyobatizwa na askofu Ambrosi huko Milano mwaka 387. Waorthodoksi hadi leo wanazamisha mara tatu, hata mtoto mchanga, na papo hapo wanampaka krisma na kumpa ekaristi. Katika Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia mtoto wa kiume anabatizwa siku ya 40 na wa kike siku ya 80, na sikukuu ya Timkat, ukumbusho wa ubatizo wa Yesu, huwakusanya waumini kwenye maji kila Januari.

Mara moja tu

Mabishano makubwa ya kwanza yalitokea Afrika ya Kaskazini. Kati ya miaka 255 na 256 Sipriani, askofu wa Karthago (katika Tunisia ya leo), alishikilia kuwa mtu aliyebatizwa na wazushi hakubatizwa kitu: nje ya Kanisa hakuna Roho Mtakatifu, na asiye na kitu hawezi kukitoa. Maaskofu 87 wa Afrika walimuunga mkono. Papa Stefano I wa Roma alikataa: mtu huyo awekewe mikono kwa toba, asibatizwe tena. Ugomvi ulikuwa mkali, nao wote wawili walifariki kabla haujatatuliwa. Sipriani aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 258.

Swali lilirudi baada ya dhuluma ya kaisari Diokletian. Baadhi ya wakleri walikuwa wamesalimisha Maandiko Matakatifu yachomwe ili waokoe maisha yao. Waliojulikana baadaye kama Wadonato walisema sakramenti za wasaliti hao, na za waliopewa daraja nao, ni batili. Hivyo waliwabatiza upya waliojiunga nao. Si vigumu kuelewa uchungu wao, kwa kuwa ndugu zao walikuwa wameuawa kwa kukataa kufanya hivyohivyo. Lakini fundisho lao liliacha kila muumini katika mashaka: nani anaweza kuchungulia moyo wa padri aliyembatiza?

Mtaguso wa Arles wa mwaka 314 uliamua kwamba aliyebatizwa kwa jina la Utatu asirudiwe. Augustino, askofu wa Hippo (Annaba ya leo, Algeria), ndiye aliyetoa hoja iliyoshinda: anayebatiza hasa ni Kristo, na mhudumu ni mkono tu. Mhudumu awe mtakatifu au mlevi, zawadi haichafuki kwa kupitia kwake.

Fundisho hilo likafikia hatua ambayo mara nyingi inawashangaza wanafunzi. Kwa Kanisa Katoliki, katika hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza, hata ambaye mwenyewe hajabatizwa, mradi atumie maji, aseme maneno yanayotakiwa na kukusudia kufanya linachofanya Kanisa.

Watoto wachanga

Tertuliani, naye wa Karthago, aliandika mnamo mwaka 200 kitabu cha zamani kuliko vyote vilivyopo kuhusu ubatizo. Alishauri watoto wasiharakishwe. Kwa kupinga, bila kukusudia, alituachia ushahidi kwamba watoto walikuwa tayari wanabatizwa. Katika karne ya 4 wengi waliahirisha kwa sababu nyingine: ubatizo ulifuta dhambi zote, tena mara moja, basi ilionekana ni busara kuungoja. Kaisari Konstantino alibatizwa mwaka 337 akiwa karibu kufa. Ambrosi alichaguliwa kuwa askofu mwaka 374 akiwa bado mkatekumeni. Fundisho la Augustino juu ya dhambi ya asili, pamoja na vifo vingi vya watoto, liligeuza mambo, na ubatizo wa watoto ukawa kawaida.

Martin Luther na Yohane Calvin waliudumisha. Ila tarehe 21 Januari 1525, huko Zurich, Conrad Grebel alimbatiza George Blaurock, mtu mzima aliyekuwa amebatizwa utotoni. Wapinzani waliwaita Waanabaptisti, yaani "wanaobatiza tena". Wenyewe walikataa jina hilo: kwao walikuwa wanabatiza mara ya kwanza, kwani tendo la utotoni bila imani halikuwa ubatizo. Yaani pande zote mbili zilikubali kwamba ubatizo haurudiwi. Hata hivyo tarehe 5 Januari 1527 mwenzao Felix Manz alizamishwa katika mto Limmat hadi akafa, kwa hukumu ya serikali ya mji. Adhabu ya maji kwa kosa la maji haikuchaguliwa kwa bahati.

Hoja za pande hizo bado ni zilezile. Wanaobatiza watoto wanasema neema inamtangulia mtu, kama vile mtoto anavyopendwa kabla hajajua kushukuru, na kwamba wazazi na wasimamizi wanaungama imani kwa niaba yake hadi aithibitishe mwenyewe kwa kipaimara. Wanaokataa wanasema katika Biblia toba na imani vinatangulia maji, na hakuna anayeweza kuamini kwa niaba ya mwingine.

Waliokufa bila maji

Kama ubatizo ni wa lazima kwa wokovu, itakuwaje kwa aliyekufa bila kuupata? Kanisa la kale lilijibu kuhusu wafiadini: damu yao ndiyo ubatizo wao. Jibu hilo lilihitajika Uganda. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, katika ikulu ya kabaka Mwanga II huko Munyonyo, Karoli Lwanga, mlei aliyebatizwa miezi 6 tu kabla ya hapo, aliwabatiza wakatekumeni wanne walio chini yake, akiwemo kijana Kizito, kwa kuwa walitarajia kuuawa. Wengi wao walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni. Mwenzao Mukasa Kiriwawanvu alikufa bila kubatizwa kwa maji. Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu Wakatoliki 22 mwaka 1964, Kiriwawanvu alikuwa mmoja wao.

Mkatekumeni anayekufa kwa ugonjwa au ajali anahesabiwa kuwa na ubatizo wa hamu. Kuhusu watoto wachanga jibu lilikuwa gumu zaidi, na kwa karne nyingi wazazi waliofiwa waliambiwa mambo ya kuhuzunisha. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Kanisa Katoliki ilichapa hati inayosema kuna sababu za kutumaini kwamba wanaokolewa.

Siku hizi

Mwaka 1982 tume ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni ilikubaliana huko Lima, Peru, hati kuhusu ubatizo, ekaristi na huduma. Tarehe 29 Aprili 2007, huko Magdeburg, Makanisa 11 ya Ujerumani yalitia sahihi tamko la kutambuliana ubatizo. Wabaptisti hawakuwemo, kwa sababu inayoeleweka. Katika Afrika Mashariki, Mkatoliki anayehamia Ulutheri au kinyume chake kwa kawaida habatizwi tena, lakini makanisa mengi ya Kipentekoste humtaka azamishwe hata kama alibatizwa utotoni. Jambo hilo linaumiza familia nyingi, hasa bibi aliyempeleka mtoto kanisani anapoambiwa kwamba siku ile haikuwa kitu. Wako pia Wakristo wasiotumia maji kabisa, kama Jeshi la Wokovu na Marafiki, ambao ni wengi magharibi mwa Kenya.

Maneno nayo yana uzito. Mwezi Agosti 2020 Roma ilitamka kwamba ubatizo uliotolewa kwa kusema "tunakubatiza" badala ya "nakubatiza" ni batili. Padri mmoja nchini Marekani aligundua kwa video ya utotoni kwamba ndivyo alivyobatizwa. Ikabidi abatizwe, apewe kipaimara na daraja upya, huku waumini aliowahudumia wakitafutwa.

Panapokuwa na shaka isiyoondoka, kwa mfano daftari la parokia limeungua na hakuna shahidi, Kanisa Katoliki linabatiza kwa sharti: mhudumu anatanguliza maneno ya kwamba anabatiza ikiwa mtu huyo hajabatizwa. Kama alikuwa ameshabatizwa, maji ya mara ya pili yanahesabiwa kuwa maji tu.