Kabla ya kuzungusha dishi, kagua konekta

Tazama mapaa ya Siakago na vijiji vya karibu: madishi kila upande. Tangu Kenya izime matangazo ya analogi mwaka wa 2015, king'amuzi si kitu cha matajiri tu. Kwako kijana uliyemaliza shule na unatafuta pa kuanzia, hiyo ni kazi. Lakini kabla hujapanda ngazi, ijue konekta.

Ni kile kichuma kilicho mwishoni mwa waya wa dishi, kinachokazwa kwa kuzungushwa kama nati. Mafundi hukiita konekta ya F, na kilibuniwa Marekani miaka ya 1950. Ni bei rahisi kwa sababu hakina pini yake. Shaba ya katikati ya waya ndiyo pini, kwa hivyo ubora wa kazi uko mikononi mwako.

Zima king'amuzi kwanza. Menya waya polepole, uache shaba ichomoze kama milimita 3 kupita ukingo wa konekta. Ule wavu wa nyuzi nyembamba ukunje nyuma. Uzi mmoja tu ukigusa shaba, hiyo ni shoti, na king'amuzi cha mteja kinaweza kuungua.

Kwani waya huo una umeme? Ndiyo. King'amuzi hupeleka volti 13 au 18 hadi kwenye kichwa cha dishi. Volti 13 huchagua mawimbi ya wima, 18 ya mlalo. Konekta ikishika kutu, umeme hupungua njiani, 18 haifiki ipasavyo, na mteja anakupigia: "Fundi, nusu ya chaneli zimepotea!"

Fundi wa kubahatisha atazungusha dishi mchana kutwa, kisha amuuzie mtu kichwa kipya asichohitaji. Wewe anza kwa kufungua konekta. Ikiwa na kutu, kata kipande hicho cha waya, funga nyingine, halafu izibe kwa tepu ya mpira ya kuzuia maji. Uache waya ulegee kidogo chini ya konekta ili maji ya mvua yadondoke hapo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Siakago ni mji mdogo, bro. Ukimtoza mtu pesa za bure leo, habari zako zitafika Ishiara kabla yako. Ukimwambia ukweli kwamba shida ilikuwa konekta tu, jirani yake ndiye atakayekuita kesho.