Hewa Iliyokosea Njia: Tumbo la Mtumiaji wa Mashine ya Usingizi (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizopita tuliyaeleza maradhi yenyewe: jinsi koo linavyolegea usingizini hadi pumzi ikakatika kwa sekunde 10 au zaidi, tena na tena, na jinsi mashine ya CPAP inavyolizuia koo lisijifunge kwa kulipulizia hewa usiku kucha kupitia barakoa. Leo tunaingia kwenye lalamiko ambalo watumiaji wengi hulimeza pamoja na hewa yenyewe.

Mtu anaamka saa kumi na moja alfajiri. Kichwa hakimuumi tena kama zamani, kusinzia kwa mchana kumepungua, mkewe hausikii tena mkoromo. Lakini tumbo limetuna. Kikoi alichojifunga usiku kinambana kiunoni. Akibonyeza chini ya mbavu za kushoto anakuta pamekaza, akigonga kwa kidole panalia ngo, ngo. Anakaa kitandani, anabeua, anabeua tena, na bado kuna upepo mwingine umeshateremka kwenye utumbo ukimsokota hadi saa nne asubuhi. “Baba Salma,” mkewe anamuuliza, “hii mashine inakupa pumzi au inakujaza upepo?”

Inafanya yote mawili. Tatizo ni kwamba Baba Salma hatalisema hilo kliniki. Daktari akimuuliza mashine inaendeleaje, atajibu, “Nzuri tu, dokta,” maana mtu mzima gani atakaa mbele ya binti wa umri wa mwanawe aanze kusimulia habari za mashuzi? Wahudumu nao mara nyingi hawaulizi. Wanasoma saa za matumizi, wanaangalia idadi ya mikatiko ya pumzi, wanaandika tarehe ya kurudi. Wiki chache baadaye barakoa iko kabatini, mkoromo umerejea, na pamoja nao shinikizo la damu na ile hatari ya kusinzia kwenye usukani. Ninaamini mashine nyingi zinazolala kabatini zililazwa huko na tumbo, ingawa mwenyewe atakwambia barakoa ilikuwa inambana.

Kwanza tuelewe hewa inapitaje. Mashine hii haimpumulii mtu, anapumua mwenyewe. Kazi yake ni kuweka presha ndogo ya kudumu kooni ili kuta za koo zisikutane. Daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alipolijaribu wazo hilo kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1980, alitumia mota ya kifyonza vumbi iliyogeuzwa ipulize badala ya kuvuta, na mwaka uliofuata taarifa yake ikachapishwa katika jarida la Lancet. Vifaa vya leo ni vidogo na vimya, lakini kanuni ni ile ile. Presha hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi za nyumbani hufanya kazi kati ya 4 na 20. Sentimita 10 ni karibu asilimia 1 tu ya presha ya hewa inayotuzunguka. Ni kidogo mno, ila inatosha kulinyanyua koo lililolegea.

Sasa, koo ni njia panda. Mbele kuna bomba la hewa liendalo mapafuni, nyuma kuna umio uendao tumboni. Upepo wa mashine haujui upi ni upi. Kinachoulinda umio ni misuli miwili ya duara, mmoja juu na mwingine chini pale umio unapoingia tumboni. Ule wa juu hukaa umefumba, ukafunguka kwa muda mfupi tu mtu anapomeza. Usingizini hulegea kiasi. Wataalamu wa nusukaputi wanaifahamu hali hii vizuri: wanapompa mgonjwa hewa kwa barakoa, hujitahidi presha isizidi 20, kwa kuwa zaidi ya hapo hewa huanza kupenya tumboni. Watu hawalingani. Wapo wanaolala na 16 bila kero, na wapo wanaojaa upepo kwenye 9.

Mara nyingi, hata hivyo, hewa haipenyi kwa nguvu. Inamezwa. Mtu aliyelala fofofo humeza mara chache sana. Anameza anapozinduka, hata kama ni kuzinduka kwa sekunde chache ambako asubuhi hakukumbuki. Na ukimeza mate huku barakoa ikikusukumia upepo kooni, kila funda linakwenda na hewa yake. Kwa hiyo badala ya kuuliza tu presha iko juu kiasi gani, tuulize pia: ni nini kinachomzindua mtu huyu, na kwa nini anameza?

Jibu moja ni kiungulia. Asidi ikipanda kwenye umio, mwili huisafisha kwa kumeza, ndivyo tulivyoumbwa. Mwaka 2008 Nathaniel Watson na mwenzake nchini Marekani walilinganisha watumiaji wa CPAP wanaojaa hewa na wasiojaa, wakakuta waliojaa hewa ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za asidi kupanda. Hapa mambo hujizungusha: asidi inamfanya mtu ameze, anameza na hewa, hewa inalitanua tumbo, tumbo lililotanuka linalegeza msuli wa chini, asidi inapanda tena. Ajabu ni kwamba kwa wagonjwa wengine mashine hii hii hupunguza kiungulia. Kwa hiyo mwenye kiungulia asiambiwe mapema kwamba mashine haimfai. Atibiwe kiungulia kwanza. Tena ajiulize anakula saa ngapi. Ugali na maharage saa tatu usiku, kisha barakoa saa tatu na nusu, ni kujitafutia balaa. Muda wa saa tatu kati ya mlo wa mwisho na kitanda ni kipimo kizuri. Wakati wa Ramadhani ni vigumu zaidi, maana anayekula daku akarudi kulala anarudi na tumbo lililojaa. Huyo ale daku nyepesi, au, akiweza, asirudi kulala hadi upite muda wa kutosha baada ya Alfajiri.

Jibu jingine liko puani. Pua iliyoziba kwa mafua au mzio humlazimisha mtu afungue mdomo. Mwenye barakoa ya pua akifungua mdomo, hewa inatoroka, koo linakauka, anazinduka, anameza. Kama mashine yake ni ya kujirekebisha yenyewe, uvujaji unaweza kuivurugia mahesabu hata ipandishe presha bila sababu ya msingi. Ndiyo maana kabla ya kuilaumu mashine inafaa kuiwasha mtu akiwa amelala chali kitandani, si akiwa amekaa, halafu apitishe kiganja pembeni mwa barakoa kusikia upepo unapotokea. Uso wa aliyelala hubadilika umbo, na mikanda iliyofungwa vizuri sebuleni huachia chumbani. Pua ioshwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, mzio utibiwe, na chombo cha unyevu cha mashine kitumike kama kipo. Wengine huhamia barakoa ya kufunika pua na mdomo. Huwasaidia baadhi, ila si dawa ya kila mtu. Kuna ambao presha inabidi iongezwe wakiivaa.

Kuhusu presha yenyewe, nasisitiza jambo moja: usiishushe mwenyewe. Najua siku hizi mipangilio ya siri ya mashine hizi inajulikana mitaani. Lakini presha ikishuka chini ya kile koo linachohitaji, pumzi hukatika tena, mtu huzinduka akitweta, na kutweta nako ni kumeza hewa. Unaweza kuishusha presha na tumbo likazidi. Hata ule mwanzo wa polepole, ambapo mashine huanzia 4 kisha ikapanda, huwakera wengine: wanahisi hewa haitoshi, wanaigombania kwa mafunda. Kwa hao kuanzia 6 au 7 huleta utulivu.

Mtaalamu ana mengi ya kufanya. Anaweza kuweka kikomo cha juu kwenye mashine ya kujirekebisha. Anaweza kuwasha kipengele kinachopunguza presha kidogo mgonjwa anapotoa pumzi. Anaweza kumhamishia kwenye mashine ya presha mbili, moja ya kuvuta na nyingine ya kutoa. Au akambadilishia kutoka presha isiyobadilika kwenda ile inayojirekebisha. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2017 uliwapitisha wagonjwa wenye tatizo hili katika aina zote mbili kwa zamu; kwenye ile ya kujirekebisha walipata nafuu ya kujaa na kubeua, ingawa saa zao za kuivaa hazikuongezeka kwa maana. Napenda matokeo ya namna hiyo. Yanatukumbusha kwamba nafuu ya tumbo ni kitu kimoja na mazoea ya kuvaa barakoa ni kingine.

Sasa mlalo, jambo ambalo halina gharama na ndilo lenye maelezo mazuri kuliko yote. Chukua chupa ya maji iliyojaa nusu, uilaze. Maji yatakwenda chini na hewa itapanda juu, na kama mdomo wa chupa uko upande wa maji, hewa haina pa kutokea. Tumbo nalo liko hivyo. Mlango wake wa kuingilia hauko kileleni, uko pembeni, tena kwa nyuma. Ukilala chali, maji ya tumbo hukusanyika kwa nyuma yakaufunika mlango, hewa ikabaki mbele ikitafuta njia ya kuteremkia utumboni. Ukilala ubavu wa kulia, mlango bado uko chini ya hewa. Ukilala ubavu wa kushoto, mlango hubaki juu ya maji, hewa huufikia, unabeua bila jitihada, na asidi nayo inabaki chini. Isitoshe, wengi wenye maradhi haya pumzi zao hukatika zaidi wakilala chali, kwa hiyo ubavu unaweza kuipunguzia mashine kazi pia.

Kunyanyua kichwa cha kitanda nako kunasaidia, lakini kwa matofali au vipande vya mbao chini ya miguu miwili ya kitanda, sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito mitatu si sawa. Mito huikunja shingo, kidevu kikagusa kifua, koo likabanwa, nalo tumbo likakunjwa katikati.

Asubuhi, kwa aliyekwisha kujaa, atembee kidogo, au alale ubavu wa kushoto akiwa amevuta magoti kifuani. Asijilazimishe kubeua. Anayejilazimisha kwanza huvuta hewa nyingine ndani, na anaweza kuishia na nyingi kuliko aliyoitoa. Kuna na hii desturi yetu ya kunywa soda ya tangawizi “ili gesi itoke”. Inayotoka ni gesi ya soda. Poda za kutoa povu na soda ya kuokea huzalisha gesi zikikutana na asidi. Mbeuo mkubwa unaofuata humpa mtu imani tu. Vidonge vya simethikoni huunganisha mapovu madogo yawe makubwa yatoke kwa urahisi, basi. Havimzuii mtu kumeza. Jojo na sigara navyo vinamfanya mtu ameze hewa mchana kutwa, na haifai kuanza usiku akiwa na akiba.

Si kila maumivu ni upepo. Kifua kinachobana na maumivu kusambaa mkononi au kwenye taya, tumbo gumu lisilotoa hewa wala choo, kutapika damu, choo cheusi kama lami, chakula kukwama kooni: hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, na mashine isitumike kama kisingizio.

Kwa Baba Salma na wenzake, siku ya kliniki nenda na karatasi. Andika kwa wiki mbili saa ya chakula cha mwisho, ubavu uliolalia, namba ya presha na alama ya uvujaji kama kioo cha mashine kinazionyesha asubuhi, na hali ya tumbo: shwari, limejaa, linauma. Neno “mashuzi” halina haja ya kutamkwa. Mkabidhi dokta karatasi asome mwenyewe.

Sehemu ya nne itahusu kukatika kwa umeme na namna ya kuchagua betri ya mashine.