Biva Uani: Punguza Maji, Usivunje Ukuta



Mara nyingi katika kurasa hizi tumeandika juu ya nyani na nguruwe pori wanaoharibu mashamba ya washarika wetu. Safari hii tunawaletea habari za mnyama ambaye wengi wetu hatujawahi kumwona, kwa kuwa haishi Afrika. Anaitwa biva. Tulikutana naye mwezi Septemba 2023, wakati wajumbe wanne wa dayosisi tulipotembelea usharika rafiki katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani.

Mzee na mama waliotupokea walikuwa katika shida kubwa. Nyuma ya nyumba yao hupita kijito kidogo ambacho mtoto anaweza kukiruka. Biva walikuwa wamekiziba, na uani kukawa bwawa. Bustani ya mboga ilikuwa imezama, na maji yalibakiza hatua kama ishirini kufika ukuta wa nyumba.

Kilichowatisha zaidi ni choo. Nyumba nyingi za mashambani huko haziunganishwi na mfumo wa maji taka wa mji. Maji ya chooni na jikoni huingia katika tangi lililofukiwa, kisha hutoka polepole kupitia mabomba yenye matundu na kunyweshwa udongo wa uani. Udongo huo ukishalowa kabisa kwa maji ya bwawa, hauwezi kupokea kingine. Maji taka hurudi ndani ya nyumba au hujitokeza juu ya majani. Mama alikuwa ameshaanza kupeleka nguo kwa binti yake mjini ili asifulie nyumbani.

Tena ujirani uliingia ufa. Jirani wa upande wa chini alitaka biva wote wauawe. Jirani wa upande wa juu aliwapenda bata waliokuja bwawani, akasema wasiguswe. Mzee alikuwa katikati. Jioni moja alituuliza, "Ninyi kwenu mnaishije na tembo?" Tulimjibu kwamba hata sisi bado tunajifunza. Tukaanza kujifunza pamoja naye.

BIVA NI MNYAMA GANI?

Biva ni wa jamii ya wanyama wagugunaji, kama panya na nungunungu, lakini ni mkubwa: biva mzima huweza kufikisha kilo 20 hadi 30. Ana manyoya mazito, miguu ya nyuma yenye ngozi kati ya vidole kama bata, na mkia mpana uliolala bapa kama mwiko. Akiona hatari, hupiga maji kwa mkia huo ili kuwaonya wenzake. Meno yake ya mbele yana rangi ya machungwa kwa sababu yana madini ya chuma, nayo huendelea kukua maisha yake yote. Kwa meno hayo huangusha miti, hula magome, na matawi huyatumia kujengea.

Huishi kwa familia: baba, mama, watoto wa mwaka huu na wa mwaka uliopita. Watoto wakifikia umri wa miaka miwili hivi huondoka kwenda kutafuta kijito chao wenyewe. Jambo hili tulikumbuke, maana tutalirudia.

KWA NINI ANAZIBA MAJI?

Nchi kavu biva ni mzito na mwenye mwendo wa pole. Mbwa mwitu na dubu humkamata kwa urahisi. Ndani ya maji ni mwepesi, na anaweza kukaa chini bila kupumua kwa dakika 15 hivi. Kwa hiyo hujitengenezea usalama wake: huziba kijito kwa miti, mawe na tope mpaka maji yawe na kina. Nyumba yake ya vijiti hujengwa bwawani, na mlango wake uko chini ya maji.

Kina hicho humsaidia pia wakati wa baridi. Minnesota mabwawa huganda juu kwa miezi mingi. Biva hukusanya matawi na kuyazamisha karibu na nyumba, kisha hula akiba hiyo chini ya barafu.

Je, anajuaje mahali pa kuziba? Kwa sehemu kubwa ni kwa kusikia. Mtafiti wa Sweden, Lars Wilsson, aliweka spika iliyotoa sauti ya maji yanayotiririka, na biva wakaanza kulundika vijiti na tope hapo. Sauti ya maji yanayotoroka ndiyo inayomwita kazini.

KUVUNJA UKUTA HAKUSAIDII

Mzee alikuwa amevunja ukuta wa biva mara tatu kwa reki. Kila mara alilala akiwa amechoka, na asubuhi akakuta tundu limezibwa. Sasa tulielewa sababu. Kila alipotoboa ukuta aliyafanya maji yapige kelele, na kelele hizo ziliwaita mafundi.

Kuvunja kuna hatari nyingine pia. Maji mengi yakiachiwa kwa ghafla huweza kufurika kwa jirani wa chini au kubomoa barabara. Tena katika majimbo mengi ya Marekani hairuhusiwi kugusa ukuta wa biva au ardhi oevu bila kibali.

KUTEGA NA KUHAMISHA

Mitego hutumika, na mahali pengine ni lazima, hasa pale ambapo nyumba au barabara imo hatarini na hakuna njia nyingine. Sheria hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Massachusetts, kwa mfano, wananchi walipiga kura mwaka 1996 kuzuia aina nyingi za mitego, na mwaka 2000 sheria ikabadilishwa ili halmashauri ya afya ya mji iweze kutoa kibali cha dharura pale biva wanapohatarisha afya ya watu.

Lakini tukumbuke wale watoto wa miaka miwili wanaotafuta makazi. Kijito kizuri kikiachwa tupu, familia nyingine huja. Anayetegemea mitego peke yake ajiandae kutega tena na tena.

Kuhamisha biva nako kuna historia yake. Mwaka 1948 jimbo la Idaho liliwaweka biva 76 ndani ya masanduku na kuwadondosha kwa miavuli kutoka kwenye ndege hadi milimani, mbali na watu. Mmoja tu alikufa. Leo majimbo mengi hayaruhusu mwenye nyumba kuwahamisha mwenyewe, kwa kuwa hupeleka tatizo kwa mwingine na huweza kueneza magonjwa.

NJIA YA BOMBA

Njia tuliyoiona ikifanya kazi ni kumwachia biva ukuta wake na kupunguza maji kwa bomba bila yeye kusikia. Hatua zake ni hizi:

1. Uliza kwanza. Mzee alipiga simu ofisi ya maliasili ya jimbo kujua sheria inasema nini, kisha akaongea na majirani wote wawili.

2. Amua kimo cha maji. Maji yashuke kiasi cha kuokoa nyumba, lakini bwawa libaki na kina cha kama mita moja. Ukikausha mno, biva watajenga ukuta mpya mahali pengine.

3. Tengeneza kizimba. Chukua wavu wa waya mgumu wenye matundu ya sentimita 15 hivi, uunde kizimba cha duara chenye upana wa karibu mita mbili. Ndani yake ndimo mdomo wa bomba utakapokaa. Biva hawezi kuufikia kuuziba.

4. Laza bomba. Tumia bomba la plastiki lenye mikunjo, upana wa sentimita 30 hivi na urefu wa mita 10 au zaidi. Toboa matundu madogo ili hewa itoke, kisha lizamishe kwa matofali ya zege. Mdomo wake uwe mbali na ukuta, penye kina, ili maji yaingie kimya.

5. Pitisha bomba ukutani. Kata mfereji mdogo juu ya ukuta, laza bomba hapo na ulifunge imara. Kimo cha bomba mahali hapo ndicho kitakachoamua kimo cha bwawa. Biva watakuja kuziba pembeni mwa bomba, na kwa kufanya hivyo watakusaidia kulikaza.

6. Fanya mapema. Usishushe maji wakati baridi imeshaingia, maana familia itabaki bila njia ya kufikia chakula chini ya barafu.

7. Kagua kila mwaka. Ondoa majani na takataka kwenye kizimba.

Njia hii ina mipaka. Haifai mahali ambapo hakuna kina cha kutosha, wala pale ambapo kupungua kidogo kwa maji hakutoshi kuiokoa nyumba. Biva wakiziba kalavati ya barabara, huwekwa uzio mpana mbele yake badala ya bomba peke yake. Miti unayoipenda izungushie waya wa kimo cha mita moja na zaidi, ukiacha nafasi kati ya waya na gome ili mti unenepe. Na maji ya bwawa yasinywewe bila kuchemshwa, kwa sababu huweza kuwa na vijidudu vya kuharisha.

KWA NINI TUSIWAMALIZE?

Jirani wa chini aliuliza swali hili, nalo ni la haki. Zamani watu walikaribia kabisa kuwamaliza. Ngozi za biva zilitengenezwa kofia zilizopendwa sana Ulaya, na kufikia mwaka 1900 walikuwa wametoweka katika sehemu kubwa ya Marekani. Baadaye walilindwa na kurudishwa, lakini huku nyuma watu walikuwa wameshajenga nyumba mabondeni.

Mabwawa yao hupunguza kasi ya mafuriko, huhifadhi maji ya kiangazi na hulea samaki na ndege. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na Emily Fairfax na mwenzake ulionyesha kuwa mimea ya mabonde yenye mabwawa ya biva magharibi mwa Marekani ilibaki na kijani zaidi wakati wa moto mkubwa kuliko mabonde yasiyo nayo.

MWISHO WA HABARI YA MZEE

Wiki yetu ya mwisho tuliingia majini kwa mabuti marefu. Jirani wa chini alileta mtumbwi wake, jirani wa juu alileta waya, na sisi tulishika bomba. Baada ya siku chache maji yalikuwa yameshuka kiasi cha goti. Majira ya kuchipua yaliyofuata mzee alituandikia kwamba choo kinafanya kazi na mama anafulia nyumbani. Nusu ya bustani haikurudi, ameiachia bwawa. Aliongeza kwamba majirani sasa hukagua kizimba kwa zamu.

Sisi tulirudi na funzo moja. Kabla ya kupigana na mnyama, tuulize anatafuta nini na kitu gani kinamwita. Mara nyingi jibu la swali hilo huonyesha pa kuanzia kazi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

• Ni wanyama gani wanaotusumbua hapa kwetu? Wanafuata nini: maji, chakula au njia yao ya zamani?
• Ni dawa gani tumeirudia mara nyingi bila mafanikio? Kwa nini haikufaulu?
• Ni nani anayepaswa kushirikishwa kabla hatujaanza, na ni sehemu gani tuko tayari kuiachia?