Homa inayoshuka na kurudi: kinachotafutwa kwenye hadubini ya giza

Mama au mlezi, huenda umeshaliona hili. Mtoto anachemka siku tatu, anatoa jasho jingi, homa inashuka ghafla na anarudi kucheza. Baada ya siku kadhaa, mara nyingi kama wiki, homa inarudi vilevile. Kipimo cha haraka cha malaria kinasema hana.

Kama mnaishi au mmelala kwenye nyumba yenye papasi, fikirieni homa ya papasi. Ugonjwa huu upo sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki, ukiwemo mkoa wa Dodoma, na mashariki mwa Congo. Papasi hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi na kurudi mafichoni. Wengi hawajui hata kama wameumwa. Kwa mama mjamzito ugonjwa huu ni hatari zaidi: unaweza kuharibu mimba, kuleta uchungu kabla ya wakati, au kumwambukiza mtoto akiwa bado tumboni.

Kipimo cha haraka hakiwezi kuuona, kwa sababu hutafuta malaria peke yake. Hapa inahitajika hadubini.

Bakteria wa homa ya papasi wana umbo la uzi uliojisokota. Ni warefu kuliko upana wa chembe nyekundu ya damu, lakini ni wembamba mno, na kwenye mwanga wa kawaida hupotea kabisa. Umewahi kuona vumbi likielea kwenye mwale wa jua unaopenya tundu la bati? Mchana uwanjani huoni vumbi hilo, ila ndani ya chumba chenye giza linang'aa. Hadubini ya giza hufanya kazi hivyo hivyo.

Chini ya meza ya hadubini kuna lenzi inayokusanya mwanga, nayo huitwa kondensa. Kondensa ya giza ina kizuizi katikati, hivyo mwanga hupita pembeni tu na kuipiga damu kwa upande. Mwanga wenyewe hauingii kwenye jicho la mtazamaji. Kinachoingia ni ule uliogonga kitu na kuruka.

Ndiyo maana mtaalamu wa maabara huonekana akihangaika na skrubu kabla hata ya kuangalia damu yako. Hudondosha tone la mafuta juu ya kondensa na kuipandisha taratibu hadi mafuta yaguse chini ya kioo chenye damu. Kiputo kimoja cha hewa kikibaki hapo, kazi inaharibika. Kisha hutazama kwa lenzi ndogo. Kwanza huona duara la mwanga lenye weusi katikati. Hupandisha au kushusha kondensa mpaka duara lijikusanye kuwa doa moja dogo linalong'aa, halafu kwa skrubu mbili za pembeni hulisogeza doa hilo hadi katikati kabisa. Baada ya hapo ndipo huhamia lenzi kubwa. Doa likikaa upande, nusu ya picha hujaa ukungu na bakteria hawaonekani hata kama wamo. Uchafu kwenye kioo nao hung'aa, na nyuzi za damu inayoganda zinaweza kumdanganya asiye na uzoefu. Kwa hiyo msimharakishe.

Akiipata, huona nyuzi ndogo nyeupe zikijipinda na kuzisukuma chembe za damu. Damu lazima iwe mbichi, kwa kuwa mwendo huo ndio unaowatambulisha.

Vituo vingi havina kondensa ya giza, na si lazima muikose huduma. Damu iliyopakwa kwenye kioo na kutiwa rangi, kama ile ya malaria, huweza pia kuwaonyesha. Mwombe daktari: "Naomba damu iangaliwe kwa hadubini, homa yake inarudi na nyumbani tuna papasi." Sentensi hiyo ina uzito kuliko mnavyodhani.

Jambo kubwa lililo mikononi mwenu ni muda. Bakteria hujaa kwenye damu homa ikiwa juu. Ikishuka huwa wachache na ni vigumu kuwapata. Mpelekeni mtoto akiwa anachemka, usiku ukiruhusu. Msimpe antibayotiki za dukani kwanza, maana zinaweza kuficha ugonjwa bila kuumaliza. Kama majibu ni "hakuna kilichoonekana" na damu ilichukuliwa siku ya nafuu, rudini homa ikipanda.

Ugonjwa unatibika kwa antibayotiki anazochagua daktari kulingana na umri na ujauzito. Saa chache baada ya dozi ya kwanza, mgonjwa anaweza kutetemeka, homa kupanda zaidi na presha kushuka. Bakteria wengi wanakufa kwa pamoja, na mwili unapambana na mabaki yao. Ndiyo sababu mtaambiwa mbaki kituoni siku hiyo. Msiondoke hata kama mtoto anaonekana yuko sawa.